Maua ya vitunguu Dar: yalaze na kiu, yaamke na mvua (mwongozo kamili)

Maua ya vitunguu ni yale yanayoota kutoka kitunguu kilichofukiwa, sio kitunguu cha jikoni. Nianze na habari mbaya niimalize. Fritilaria, yale maua ya kengele yanayoinamisha kichwa ambayo picha zake zinasambaa sana kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, hapa Dar hayaendi. Sio suala la udongo wala mbolea, ni baridi. Kwao ni nchi zenye winta ya kweli, Uturuki, Irani, Asia ya Kati, Ulaya, California, mpaka China na Japani, zipo aina zaidi ya 100 na nyingi kati yake kitunguu kinataka kama wiki 12 au zaidi za ubaridi wa chini ya nyuzi 10 ndo kikubali kutoa ua, sasa sisi usiku wa baridi kabisa wa mwezi wa saba unacheza kwenye 18, 19 na hapo watu tayari wameshatoa masweta. Friji? Unaweza ukakilaza humo miezi mitatu, sawa, lakini siku unakitoa kinakutana na nyuzi 31 za Sinza na unyevu juu, hapo usitegemee kitu. Na bado hatujagusa habari ya kibali, maana kitunguu cha kutoka nje kinahesabika ni mmea, kinatakiwa kiwe na cheti cha afya ya mimea cha huko kinakotoka na kibali cha kuingiza cha TPHPA, yaani mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, sio cha kufichwa kwenye soksi ndani ya begi.

Ila ile raha yenyewe, ya kukaa miezi unaangalia chungu cha udongo mtupu, wageni wanakuuliza hiki unakifuga nini, halafu asubuhi moja kitu kinatoboa udongo na baada ya wiki una ua kubwa kuliko mkono wako, hiyo tunayo, tena kwa mimea ya kwetu. Tofauti ni moja tu na ukiikamata hii mengine yote yanafuata: kule kitunguu kinalazwa na baridi, huku kinalazwa na kiu. Watu wengi wa mjini wanaua maua haya kwa upendo, wanamwagilia mwaka mzima, mwezi wa nane majani yakikauka wanaongeza maji wakidhani linaumwa, kitunguu kinaozea humo humo.

Uanze na yapi

Namba moja kwangu ni Scadoxus multiflorus, wengi wanaliita fayaboli. Ni la Afrika hii hii, kuanzia Senegali mpaka Afrika Kusini, na huku pwani linaota lenyewe vichakani. Kichwa kimoja cha duara kinabeba mpaka maua madogo 200, mekundu, na upana wake unaweza kufika sentimita 20 na zaidi. Chini ya shina kuna madoadoa ya zambarau na kahawia, ukiyaona hayo yanachomoza kwenye udongo hata kabla ya kitu kingine chochote jua ni lenyewe. Mara nyingi ua linakuja kwanza au pamoja na majani machanga, kwa hiyo usishtuke ukiona kijiti kinatoka peke yake.

Namba mbili gloriosa, Gloriosa superba. Hili kiukweli lina kiazi, sio kitunguu, ila tabia ni ileile. Linapanda, kila jani mwishoni lina kikamba cha kujishikia, na petali zake sita zinapinda kurudi nyuma, nyekundu zenye pindo la njano lililokunjamana. Zimbabwe wamelifanya ua lao la taifa. Lina sumu kali sana, nitalirudia hilo huko chini na usiruke.

Krinamu ni la mtu mwenye uwanja. Kitunguu kinaweza kufika ukubwa wa nazi, majani marefu yanatambaa, maua meupe mengine yana mistari ya waridi katikati, na jioni yananukia mpaka kwa jirani. Halipendi kuhamishwahamishwa, ukilihamisha linaweza kununa msimu mzima bila kutoa ua. Na kama unataka kitu rahisi cha kujifunzia basi chukua lili za mvua, Zephyranthes, asili yake Amerika lakini zimezoea hapa kabisa, ni ndogo, bei poa, na siku chache tu baada ya mvua kubwa zinafumuka zote kwa pamoja. Hizo hata ukizisahau zinakusamehe.

Kununua, na swali la kuuliza

Wauza miche wa barabarani, kuanzia Mikocheni kwenda Mwenge na kuendelea Barabara ya Bagamoyo, wengi wana lili za mvua na krinamu. Fayaboli na gloriosa inabidi uulizie, mara nyingi hazipo mbele, zipo nyuma kwenye vifuko vyeusi na muuzaji mwenyewe hajui zinaitwaje. Usinunue kwa jina, nunua kwa mkono. Bonyeza kitunguu hasa pale chini mizizi inapotokea, kiwe kigumu kote, kikibonyea kama nyanya iliyolala achana nacho hata kama kina jani zuri la kijani juu. Kiazi cha gloriosa angalia ncha zake, kinakaa kwa umbo la V au L na jicho la kuotea lipo kwenye ncha, ncha ikivunjika na jicho limeenda, huo ni mzigo tu.

Halafu uliza kimetoka wapi. Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Kaka, hivi umevichimba wapi?"

"Dada ondoa shaka, vya porini kabisa, asili, Pugu huko."

Hapo mimi naaga. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi, na mmea wa kitunguu ukishachimbwa hakuna kinachobaki pale, sio kama kukata tawi. Kuna somo la karibu zaidi: Kitulo huko nyanda za juu kusini, watu walichimba viazi vya okidi kwa magunia vikaenda Zambia kutengenezwa chikanda, chakula cha huko, mpaka ikawa moja ya sababu kubwa za kuifanya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Na hizo fritilaria zenyewe China zinachimbwa milimani kwa ajili ya dawa ya kifua mpaka aina moja, Fritillaria delavayi, kwenye maeneo yanayochimbwa sana imebadilika rangi ikafanana na mawe, watafiti wameandika hilo mwaka 2020. Kwa hiyo tafuta mtu aliyevizalisha mwenyewe, au omba kwa mama yeyote mwenye bustani ya zamani Upanga au Oysterbay, akigawanya vyake atakupa na atafurahi.

Udongo na chungu

Hapa ndo pa kutumia akili kuliko hela. Adui ni maji yaliyotuama. Kwa fayaboli chukua chungu cha upana wa sentimita 20 mpaka 25, au ndoo ya lita 10 iliyopasuka mdomo, toboa chini matundu matano sita kwa msumari wa moto, weka kokoto ndani kiasi cha vidole viwili, halafu kalisha chungu juu ya matofali mawili kisikae moja kwa moja kwenye saruji: kokoto zinaziba tundu lisimwage udongo, matofali yanainua chungu ili maji yatoke. Yote mawili ufanye.

Mchanganyiko wangu ni makopo mawili ya mchanga wa mto, mawili ya udongo wa kawaida wa bustani, moja la mboji au samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu. Samadi ya kuku mbichi hapana, inaunguza. Mchanga wa baharini usithubutu, una chumvi. Kama uko Kigamboni au Mbezi Beach kwenye ile ardhi ya matumbawe, usitumie udongo wa uwanjani peke yake na usiongeze majivu, tayari una chokaa ya kutosha. Ukikosa mboji, makumbi ya nazi yaliyosagwa yanafaa ila yaloweke na kuyasuuza kwanza.

Fayaboli na krinamu unazipanda shingo ya kitunguu ikichungulia juu ya udongo, usizizike zote. Lili za mvua ingiza kama sentimita tatu, vitano sita kwenye chungu kimoja maana zinapenda kubanana. Gloriosa kiazi kinalala chali, sio kusimama, sentimita 5 mpaka 8 chini, na chungu chake kiwe na kina cha sentimita 30, na fito au waya wa kupandia uweke siku hiyohiyo kwa sababu ukija kuchomeka baadaye unakitoboa kiazi bila kukiona.

Mahali: fayaboli inataka kivuli chepesi, chini ya mwembe au baraza ya upande wa jua la asubuhi, jua la saa saba linaichoma majani. Gloriosa mguu kivulini kichwa juani. Krinamu na lili za mvua jua tu.

Mwaka mzima unavyokwenda

Mwezi wa sita mwishoni masika imeisha, majani ya fayaboli yanaanza kuwa njano. Usiyakate. Yanarudisha chakula kwenye kitunguu na hicho ndo ua la mwakani, ukiyakata kwa sababu yanachafua baraza unakata ua lako mwenyewe. Punguza maji taratibu, wiki ya kwanza nusu, ya pili robo, halafu acha kabisa. Yakikauka yenyewe yatanyofoka ukiyavuta kidogo tu.

Mwezi wa saba mpaka wa tisa ni usingizi. Chungu kisogeze chini ya paa, sehemu kavu, kwa sababu kuna zile mvua za mchoo zinapita usiku na kukivuruga. Usimwagilie. Najua itakuuma. Kitunguu kikubwa cha fayaboli kinakaa miezi mitatu bila tone na kikitoka hapo bado kigumu, gloriosa nayo hivyo hivyo, juu inakufa kabisa utadhani imeondoka. Huo ndo wakati wa kugawanya pia: mwaga chungu, tenganisha vitoto vyenye mizizi yake, vidonda viache vikauke kivulini siku mbili tatu ndo upande. Lakini usigawanye kila mwaka, fayaboli iliyobanana kwenye chungu inatoa maua vizuri kuliko iliyoachiwa nafasi. Na waambie wote nyumbani, hasa dada wa kazi ambaye kwa nia njema kabisa atamwagilia kila kitu chenye udongo, andika hata kikaratasi LALA ubandike.

Mwezi wa kumi anza kufukuafukua juu kwa kidole. Ukiona ncha imevimba, au mvua za vuli zimeanza kunyesha kweli sio manyunyu, toa chungu nje kiloweshwe mara moja mpaka maji yatoke chini. Halafu subiri. Usiongeze mpaka udongo wa juu ukauke kina cha kidole kimoja. Kuanzia hapo fayaboli inaweza kuchomoza ndani ya wiki mbili au ikakuweka mpaka wa kumi na mbili, vitunguu haviangalii kalenda, kama vuli imechelewa na ua nalo linachelewa. Kingine hakitatoa ua mwaka huu, majani tu, hiyo ina maana hakijashiba, kilishe.

Kulisha ni majani yakishafunguka, sio kabla. Mbolea ya NPK ya kawaida, kijiko kimoja cha chai kwenye lita 10 za maji, kila baada ya wiki tatu, na udongo uwe tayari na unyevu. Urea peke yake itakupa majani makubwa ya kuringishia bila ua hata moja. Januari na Februari jua likiwa kali mwagilia mara moja mbili kwa wiki ili majani yasikate tamaa kabla ya masika, masika ikija acha mvua ifanye kazi ila hakikisha chungu hakisimami kwenye dimbwi.

Maji nayo, kama mnatumia kisima onja kwanza. Visima vingi vya maeneo ya karibu na bahari vina chumvi, utaiona kwenye ncha za majani zinaungua kahawia na ukungu mweupe mdomoni mwa chungu. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, au tumia ya bomba, na kama huna jinsi basi kila mwezi mwaga maji mengi safi yapite yasafishe udongo.

Wadudu

Konokono wale wakubwa unawajua, wanatoka usiku wa mvua, tochi na ndoo inatosha. Mwenye hatari kweli ni kiwavi mweusi mwenye mapete ya njano, Brithys crini, anakula jamii hii ya krinamu na fayaboli tu. Nondo wake anataga mayai mengi kwa pamoja upande wa chini wa jani, viwavi vikitoka vinaingia ndani ya jani lenyewe na kushuka nalo mpaka kwenye kitunguu, yaani unalala una mmea, baada ya siku tatu una uji. Kila jioni kipindi cha mvua geuza majani, ukiona jani lina sehemu nyembamba inayopitisha mwanga lichane, utawakuta wamejipanga humo. Kata, ponda, tupa mbali. Dawa ya mwarobaini na sabuni kidogo inasaidia wakiwa wadogo, wakishaingia ndani kabisa ni mkono tu. Kitunguu kilichoguswa chimbua, kata sehemu iliyooza mpaka ufike nyeupe safi, pakaza unga wa salfa au majivu, kikaushe kivulini wiki nzima ndo urudishe kwenye udongo mpya.

Sumu, hapa nisikilize

Fayaboli na krinamu zote zina sumu, sehemu nyingine za Afrika fayaboli imetumika kwenye mishale na kuvulia samaki. Lakini gloriosa ni ngazi nyingine. Mmea mzima una kolchisini, kemikali ambayo kwa dozi ndogo sana hospitali wanatibia gauti, na kiazi ndo kina nyingi, na hicho kiazi kinafanana na kiazi kikuu kichanga au kiazi kitamu chembamba. Kimeua watu kwa kuliwa kimakosa. Kwa hiyo kiazi cha gloriosa hakiingii jikoni hata dakika moja, hakikai kwenye mfuko wa sokoni, hakiachwi barazani ukienda kujibu simu. Kihifadhi ndani ya chungu chake chenyewe. Vaa glovu ukikata. Kama una mbuzi nyumbani achana nayo, kama una watoto wanaotambaa subiri mpaka wakue, fayaboli ibaki juu ya rafu. Mtu akila, hata kama hana dalili, ni hospitali saa hiyohiyo na kipande cha mmea mkononi, kutapika na kuharisha kunaweza kuchelewa masaa kadhaa na huko kuchelewa ndo kunadanganya watu. Usianze habari za maziwa.

Kuyafaidi sasa

Kichwa cha fayaboli kinakaa wiki moja hadi mbili, kivulini zaidi. Likianza kufunguka lete chungu ndani sebuleni au mlangoni, hakuna ubaya, mradi lirudi nje likimaliza. Kulikata kwa ajili ya vesi mimi sikushauri, ua ni moja kwa mwaka. Gloriosa ndo ya kukata, ina maua mengi na inakaa vizuri kwenye maji, ila chukua ua na shina fupi tu, majani acha yalishe kiazi. Ukiiacha nje kaa karibu asubuhi, chozi, wale ndege wadogo wa kunyonya maua, wanakuja wenyewe, na petali zile zinaanza na njano nyingi halafu kila siku nyekundu inapanda mpaka inameza yote, kwa hiyo mmea mmoja unakuwa na rangi tatu kwa wakati mmoja.

Mwenye hamu ya maua ya baridi hasa, panda basi mpaka Chimala halafu upande ule mlima wa kona 57 wenyewe wanauita Hamsini na Saba, ufike Matamba na Kitulo, mita kama 2,600 juu, Desemba mpaka Aprili, okidi za ardhini na gladiolasi mpaka macho yanachoka. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Beba koti.

Na kama una ndugu Uingereza, mwambie akupeleke Oxford mwezi wa nne, kwenye lile shamba la majani la Magdalen College, fritilaria aina ya meleagris zinaota zenyewe kwenye majani, petali zimechorwa vibox vya zambarau na nyeupe. Ile kubwa, imperialis, ya milima ya Zagros na huko, wanapanda kwenye bustani nyingi Ulaya, ukiiona inama uchungulie ndani ya kengele: juu kabisa kuna matone sita makubwa ya asali yametulia hayaanguki. Usishangae harufu, inanuka mbweha. Vitunguu vyake vina shimo katikati pale shina la zamani lilipokuwa, kwa hiyo wenyewe wanavipanda vimelala ubavu juu ya mchanga maji yasituame humo, yaleyale tunayopigana nayo sisi.

Mbegu

Ua la fayaboli likibeba tunda, vishanga vyekundu, viache viive mpaka vianze kulainika. Menya nyama yote, osha, na upande wiki hiyohiyo, mbegu hizi hazingoji, zikikauka zimekufa. Zibonyeze juu ya mchanga wenye unyevu nusu zikionekana, kivulini. Za krinamu ni rahisi zaidi, ni manundu makubwa ya kijani yanayoanza kuota hata yakiwa yamewekwa tu mezani. Miaka miwili ya kwanza miche hii usiilaze na kiu kali, ipe maji kidogo kidogo hata kipupwe, vitunguu vyake bado vidogo havina akiba. Ua la kwanza la fayaboli ya mbegu ni miaka mitatu mpaka mitano, kwa hiyo kata kipande cha ndoo nyeupe uchomeke kama kibao, na tarehe andika kwa penseli, markapeni inafutwa na jua kabla mche haujatoa jani la pili.